Masasi hadi Newala: Binti anapoaga ukoo

Abiria wa basi la Mtwara kwenda Masasi aliyesinzia tangu Mnazi Mmoja huamshwa na milima. Basi likishaiacha Ndanda nyuma, ardhi hulala tambarare, kisha ghafla mawe makubwa ya kijivu huchomoza mbele ya kioo, moja hapa, jingine kule, mapana na ya mviringo, kama viazi vilivyosahauliwa shambani baada ya mavuno. Mkomaindo na Mtandi ni miongoni mwake. Mji umejipachika katikati ya mawe hayo, na ukifika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, kila kitu mjini huzungumza lugha ya korosho: magunia, mizani, maghala, minada ya chama kikuu cha ushirika, na vijana wa bodaboda wanaojua bei ya kilo kabla haijatangazwa redioni.

Wageni wengi huishia hapo. Hununua korosho zilizobanguliwa, hupiga picha mlima mmoja, huondoka. Wachache huuliza jinsi mji huu ulivyoanza, na jibu lake ni la ajabu kidogo kwa nchi ya kusini, ambako mtu hujulikana kwanza kwa ukoo wa mama yake. Masasi ya leo ilianzishwa na watu waliokuwa wamepoteza koo zao.

Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alishuka Lindi akiwa na wanaume na wanawake zaidi ya hamsini waliokuwa watumwa. Steere ni yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Waswahili. Waliofuatana naye wengi walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, wakauzwa, wakaokolewa majini, wakalelewa Zanzibar. Nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa, upande walikotoka. Walipofika Masasi wakaona ardhi inafaa, wakatua mizigo. Wakajenga nyumba, wakalima, wakaita watu kanisani. Lakini walikuwa hawana wajomba.

Jambo hilo lastahili kufafanuliwa kwa msomaji wa kaskazini. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama. Baba anapendwa na kuheshimiwa, lakini neno la mwisho juu ya mtoto, kuanzia jando hadi ndoa na msiba, kwa desturi lilikuwa la mjomba, kaka wa mama. Mtoto wa kiume huzaa kwa ajili ya ukoo wa mkewe. Mtoto wa kike ndiye mlango wa ukoo wake mwenyewe: kupitia kwake watu wanaingia duniani, na akikosekana yeye, ukoo unazeeka mpaka unakwisha. Fikiria basi kijiji kizima cha watu wasiojua mama zao walizikwa wapi, kikiwa katikati ya majirani wanaohesabu kila kitu kwa mama.

Ndipo mwalimu akawa na cheo kikubwa kuliko cheo cha darasani. Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, alisomeshwa Zanzibar na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, baina ya Masasi na Newala, kwa chifu Nakaam, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo. Mtoto aliyeng'olewa kwao alirudi mtu mzima, akihubiri kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Nakaam mwenyewe alibatizwa kwa jina la Barnaba. Majaliwa alikaa Chitangali miaka kumi na moja, kisha akarudi Zanzibar. Vitabu vya misheni vinawataja Wazungu kwa kurasa nyingi. Huyu anapewa mistari. Mizani hiyo haikuwa sawa, na haijawa sawa hata leo katika mabamba ya makanisani.

Historia yenyewe haikuwaacha watulie. Septemba 1882 mashujaa wa Kingoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka, na wengi wa walionusurika wakapanda uwandani Newala, kwa chifu Matola, pamoja na Padri Chauncy Maples. Agosti 1905 vita ya Maji Maji ikafika, misheni ikachomwa moto. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na makasisi na walimu wenyeji ndio waliobaki wakifungua milango ya makanisa asubuhi. Kila mara Wazungu walipokimbia au kukamatwa, dini ilibaki mikononi mwa watu wa hapa.

Kati ya yote waliyoyafanya wageni hao, lililogusa familia zaidi ni jando. William Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, aliona tangu siku zake za upadri kwamba ukimwambia Mmakua au Myao aache jando, umemwambia aache kuwa mtu. Misheni nyingine zilipiga marufuku. Lucas aliruhusu, ila akataka jando la Wakristo: wazee wakabaki, kambi ya porini ikabaki, mafundisho ya heshima yakabaki, na sala na msalaba vikachukua nafasi ya dawa na matambiko. Kwa wavulana mpango ulishika mizizi. Kwa wasichana ulikuwa mgumu, kwa sababu nyepesi kueleweka: unyago ni wa wanawake, na hakuna askofu awezaye kuketi na makungwi ndani akaamua lipi lifundishwe.

Mpaka leo, mwezi wa Desemba shule zikifungwa, ngoma husikika kutoka Masasi hadi Newala, na mwali hutolewa nje kwa vifijo, kanga mpya na fedha za kutunzwa. Maofisa wa serikali nao kila mwaka hukumbusha kwamba sherehe zisile siku za masomo na watoto wadogo mno wasiingizwe. Ugomvi wa nani anamlea binti, nyumba, dini au shule, una zaidi ya miaka mia moja hapa, na haujachoka.

Katika ugomvi huo kuna nyumba moja yenye jibu lake la pekee. Iko Kilimani, Masasi. Ni makao ya Chama cha Mariamu Mtakatifu, shirika la masista wa Kianglikana lililoanzishwa mwaka 1946. Walezi wake wa mwanzo walikuwa masista wa CSP, shirika lililozaliwa Magila, Tanga, mwaka 1911. Leo masista Waafrika wanajiongoza wenyewe, na kutoka Masasi wamefungua nyumba Newala, Mtwara, Liuli kando ya Ziwa Nyasa, Korogwe, hata Zambia.

Asubuhi ya mtawa huanza kabla ya kuku wa jirani. Kengele, sala, kimya, kisha kazi. Kazi ni ile ile ya kila mwanamke wa kusini: jembe, mifugo, maji, jiko, watoto wa chekechea, wagonjwa wa kutembelewa. Mpita njia angeona kanga iliyofungwa juu ya vazi la kitawa na mkono ulioshika mpini wa jembe, asione ajabu. Tofauti inaonekana jioni, wanawake wenzao wanapoingia kila mmoja nyumbani kwake na wao wanapoingia wote pamoja kanisani.

Kuingia humo si jambo la siku moja. Msichana huja kama mtarajiwa, akaangaliwa, akawa mnovisi, akaweka nadhiri za muda, na baada ya miaka ndipo nadhiri za daima: ufukara, useja, utii. Kwa familia ya kusini, ufukara haushtui. Maskini wanaujua umaskini. Utii unaeleweka. Neno linalokaa kooni ni useja. Binti anapotamka nyumbani kwamba anakwenda utawani, mama hulia jikoni na mjomba huitwa. Mjomba haulizi kuhusu Mungu. Anauliza nani atazaa watu wa nyumba hii. Kama binti yuko peke yake, au dada zake hawakujaliwa watoto, swali hilo si la ubishi. Ni hesabu. Kuna ukoo unaosimama mlangoni kumwangalia akiondoka.

Kwa hiyo utawa wa Masasi haukuzikosesha familia mahari wala urithi wa shamba. Uliomba kitu kikubwa zaidi. Na wapo waliotoa. Mashirika hayadumu miaka themanini kwa nguvu ya maaskofu; hudumu kwa sababu akina mama fulani walifuta machozi wakafunga mzigo wa binti, na wajomba fulani, wakinung'unika, wakasindikiza mpaka getini. Majina yao hayako kwenye bamba lolote.

Jambo hili la binti na nyumba si la Wakristo pekee, na hapa inafaa kutoka Masasi kwa muda. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, kuna hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala, wahamiaji kutoka kisiwa cha Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake huishi mabhikkhu, watawa wa kiume wenye vichwa vilivyonyolewa na mavazi ya rangi ya zafarani, na kiwanjani umesimama mti wa bodhi, jamii ya mkuyu, kwa kumbukumbu ya mti ambao Buddha aliketi chini yake huko India alipoipata nuru. Waumini huwaletea watawa chakula, kwa kuwa sheria zao za kale zinawakataza hata kuchimba udongo. Sista wa Kilimani mwenye jembe begani angeishangaa sheria hiyo, pengine angeionea wivu kidogo wakati wa palizi.

Kwa simulizi za Wabuddha, mwanamke wa kwanza kuomba utawa alikuwa Mahapajapati, mama mdogo wa Buddha, dada wa mama yake mzazi, aliyemlea baada ya mama huyo kufariki. Alikataliwa mara tatu. Akanyoa nywele, akatembea njia ndefu miguu ikavimba, akasimama mlangoni akilia, mpaka mwanafunzi mmoja, Ananda, akamwombea. Msomaji wa Newala ataielewa hadithi hiyo haraka kuliko wengi: mtoto amemfungia mlango mama yake mdogo! Baadaye, simulizi zinasema, Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India, ndiye aliyevuka bahari na mche wa mti ule hadi Sri Lanka na kuanzisha huko utawa wa wanawake.

Utawa huo una desturi inayofanana sana na ukoo wa mama. Bhikkhuni mpya hawezi kuwekwa pasipo mabhikkhuni waliomtangulia. Lazima awe na mama katika utawa. Kwa hiyo vita vilipoiharibu Sri Lanka katika karne ya 11 na masista wakaisha, hapakuwa na wa kumzaa mwingine. Safu ilikatika karibu miaka elfu. Mwaka 1996, India, wanawake wa Sri Lanka waliwekwa upya kwa msaada wa watawa wa nchi nyingine, na mpaka leo wapo viongozi wa dini hiyo wasiokubali kwamba safu iliyokatika inaweza kuungwa. Mjomba wa Masasi na mzee wa hekalu wangeweza kuketi kwenye mkeka mmoja wakaelewana vizuri juu ya hofu hiyo.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Karibu na Entebbe kuna kituo cha Wabuddha kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhikkhu Buddharakkhita, Mganda aliyeikuta dini hiyo akiwa masomoni India. Alipoanza kurudi nyumbani na kichwa kilichonyolewa, watu walimshangaa njiani. Baadaye mama yake mzazi alimfuata, naye akawa mtawa. Mara hii ukoo haukusimama mlangoni, uliingia ndani.

Masasi yenyewe imewahi kuongozwa na mtawa. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wake kuanzia 1960 hadi 1968, alikuwa wa shirika la kitawa la Kianglikana la Mirfield, Uingereza. Alitokea Sophiatown, Johannesburg, alikopambana na serikali ya makaburu, na huko ndiko alikomtembelea hospitalini kijana mmoja mgonjwa wa kifua kikuu na kumletea vitabu; kijana huyo aliitwa Desmond Tutu. Kusini mwa Tanganyika alikuta dayosisi maskini na taifa linalozaliwa. Uhuru ulipatikana mwaka mmoja baada ya yeye kufika, na kuanzia 1964 vita vya Msumbiji vikawasukuma wakimbizi kuvuka Ruvuma. Alifanya kazi huku akijua lazima aondoke, na alipoondoka kiti kikachukuliwa na mwenyeji, Gayo Hilary Chisonga.

Wamisionari wengine waliacha majengo tu. Daktari Leader Stirling, aliyekuja mwaka 1935, alijenga hospitali Lulindi kwa udongo na miti, akapasua wagonjwa humo, na miaka ya baadaye, akiwa raia wa Tanzania, akawa Waziri wa Afya. Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda, Wabenediktini waliofika mwaka 1906 wameacha abasia, hospitali, kiwanda cha uchapaji na shule alikosoma Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, wilaya hiyo hiyo ya Masasi, ambako alizikwa Julai 2020.

Kutoka Masasi kwenda Newala ni kama kilomita 70, na sehemu ya mwisho ni kupanda. Uwanda wa Makonde umeinuliwa kama meza, na ukishaupanda hewa hubadilika. Juni na Julai ukungu hukaa mpaka saa tatu asubuhi na watu wa Newala hutembea na makoti, jambo linalowachekesha ndugu zao wa Lindi. Ukingoni mwa mji kuna Shimo la Mungu. Ardhi inakatika ghafla, na macho yanaanguka chini kwenye bonde la Ruvuma, misitu juu ya misitu, mpaka Msumbiji. Hapana uzio wa maana. Wazazi huwashika watoto mikono.

Tatizo la kale la uwanda huu ni maji. Mchanga wake huyanywa yote, mito haipo. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka ukingo alfajiri na kupanda na mitungi kichwani, na mradi wa maji ya bomba wa Makonde, ulioanza wakati wa Waingereza, haujawahi kuwatosha wote. Kwa nini basi watu walipanda kuishi mahali pakavu? Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya huku juu. Mtu wa kwanza alikuwa peke yake. Akachonga mti, akausimamisha, asubuhi ukawa mwanamke. Wakaishi karibu na maji, mtoto akazaliwa amekufa. Wakasogea, mtoto wa pili akafa. Wakapanda uwandani, wa tatu akaishi. Mama wa Wamakonde wote ni yule aliyechongwa, na kiu ya Newala ndiyo bei aliyolipa ili watoto wake wapone.

Newala ina Waislamu wengi kuliko Wakristo. Dini hiyo haikuletwa na meli wala askofu. Ililetwa na walimu wa chuo, watu wa mkeka na msahafu, waliotembea kijiji hadi kijiji hasa baada ya Maji Maji, wakioa na kuzika pamoja na wenyeji. Ndiyo maana nyumba moja ya Newala yaweza kuwa na bibi Mwislamu, mama Mwanglikana na mjomba asiyekosa ngoma ya mapiko, na msiba ukitokea hakuna anayeuliza nani apike. Ukoo wa mama umezimeza dini zote mbili bila kupaliwa.

Masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu wana nyumba yao Newala pia, na Newala siku hizi ni dayosisi yenyewe. Watoto wa mtaani huwaita Mama, wakubwa huwaita Sista, na wazee wengine hutumia neno la kikwao linalomaanisha dada wa mama. Mchana maji yakitoka, foleni ya ndoo hujipanga bombani, za njano na za buluu, na ndoo ya utawani hukaa kwenye zamu yake kama nyingine. Mwenye zamu akichelewa, kuna mtu humsogezea mbele. Ndoo ikijaa, vijana hupenda kumsaidia sista kuitwika, naye huwaambia wamtangulize kwanza bibi aliye nyuma yake.